Mnaotembea kwa miguu Arusha, njooni tuhesabu raha zetu ndogo

Mleta uzi:

Wakuu, habari za asubuhi. Walionizidi umri shikamooni.

Arusha inaandikwa sana. Inaandikwa na wauza viwanja, na wanaopeleka watalii Serengeti, na wanaosimulia mikutano ya marais. Leo naomba niandike Arusha ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ya mtu anayeshuka kwa miguu kutoka Sakina hadi karibu na Soko Kuu, kikapu mkononi, khanga mabegani kwa sababu ya baridi.

Nilikuja hapa mwaka 2011 kutoka Singida. Kwetu tumezoea upepo, jua, na miamba mikubwa iliyojikalia kama ng'ombe wanaocheua. Cha kwanza kunishangaza Arusha ni kumwona mtu amevaa sweta saa sita mchana mwezi wa saba na hakuna anayemuuliza kama anaumwa. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai ukungu unateremka kutoka mlimani, unalala barabarani hadi saa tatu au nne. Nilidhani sitaweza. Sasa nikienda kwetu likizo ndiyo baridi hii ninayoikumbuka.

Kutembea sikuanza kwa kupenda. Kuna mahali niliajiriwa kushika vitabu vya hesabu, mshahara ukachelewa miezi mitatu mfululizo. Nauli ya kwenda na kurudi ikawa ndiyo mboga ya jioni. Nikachagua mboga. Wiki ya kwanza niliona aibu, nikawa napita njia za ndani nisije nikakutana na majirani. Wiki ya pili miguu ikazoea. Mwezi wa nne walipolipa zote kwa pamoja, asubuhi moja nikapanda daladala, nikakaa dirishani kama mtu aliyerudishiwa heshima yake. Kabla hatujafika Mianzini nilikuwa nimeshapitwa na vitu vitano nilivyotamani kushuka nivitazame. Kesho yake nikarudi kwenye miguu. Huu ni mwaka wa tisa, kazi nimebadilisha, njia ni ileile.

Nianze na mlima. Mtu wa Arusha akitoka nje asubuhi, hata mswaki hajashika, anatazama kaskazini. Tunasema "leo umefunguka" au "leo umefunga", na hakuna anayeuliza nini kimefunguka. Meru ina zaidi ya mita 4,500. Mvua ikinyesha usiku na mbingu ikasafika alfajiri, unaona hadi makorongo yake, msitu chini, jiwe la kijivu juu, na mara chache sana katika mwaka, baridi ikizidi, weupe mwembamba kileleni ambao jua la saa tatu linaufuta. Asubuhi za namna hiyo watu wasiojuana wanasemeshana. Konda anaonyesha kwa kidole. Fundi viatu anashusha sindano. Nimemsikia mzee mmoja akimuuliza mwenzake, "Umeuona?" Mwenzake akajibu, "Nimeuona." Wakaachana hapohapo, kila mtu na njia yake. Nilitembea nayo siku nzima ile "nimeuona".

Raha yangu ya pili ni sauti za makonda. Nikifika kituoni husimama dakika moja hata kama sina safari, nisikilize mji ukitajwa. Unga Limited! Philips! Esso! Kwa Mrombo! Daraja Mbili! Kijenge! Yasikilizeni vizuri majina haya. Unga Limited palikuwa na kiwanda cha kusaga unga. Philips palikuwa na kiwanda cha redio. Kuna vijana wanashuka Philips kila siku na hawajawahi kuiona redio iliyotengenezwa pale, lakini jina wanalitumia, na konda analitupa hewani kama vile kiwanda kinafungua saa mbili. Njia ya Moshi ndiyo tamu zaidi: "Tengeru, Usa, Maji ya Chai, Kikatiti!" Maji ya Chai, wakuu. Mtu aliutazama mto ukipita na rangi yake, akaona chai, na mpaka leo watu wanaandika hivyo kwenye fomu za benki. Wakongwe watakumbuka kwamba Hiace hizi tuliziita vifodi. Jina hilo sasa nalisikia kwa watu wenye mvi tu, nami hulitumia makusudi lisipotee.

Nikivuka Kaloleni napita jirani na Makumbusho ya Azimio la Arusha. Ndani ya jengo lile viongozi wa TANU walikutana Januari 1967, na Azimio lenyewe likatangazwa tarehe 5 Februari. Watoto wa shule wanapita pale kwa kukimbia, mabegi yanawapiga mgongoni, kengele inawahi kuliko wao. Mbele kidogo uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Mwanangu aliniuliza alikuwa mchezaji namba ngapi. Nikamwambia alikuwa mshairi, tena mshairi aliyeandika kanuni za kutunga mashairi ya Kiswahili, na alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Akanyamaza, akasema, "Kwa hiyo watu wanapiga mpira kwa mshairi." Tangu siku hiyo sijapita pale bila kulikumbuka neno la yule mtoto.

Lakini hivyo vyote ni vya macho na masikio. Kilichonifanya nifungue uzi huu ni watu.

Katika njia hii nina watu kama kumi ninaowajua miaka mingi na sijui jina la hata mmoja. Kuna kijana wa magazeti ambaye huyapanga chini, na mbele yake wanasimama wasomaji wa vichwa vya habari, mikono nyuma, wamepangana kama wako sala. Hawanunui, na hajawahi kuwafukuza. Kuna baba wa kahawa karibu na stendi, birika lake juu ya mkaa, vikombe kwenye beseni la maji ya moto, kashata kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko. Anajua mimi ni kikombe kimoja, tangawizi nyingi, kashata nusu. Tena nusu ile nyingine anaifunga kwenye karatasi ananihifadhia jioni. Na kuna Koko.

Koko ni neno la Kimaasai la bibi, na Waarusha ndiyo lugha yao, basi sote pale tunamwita hivyo. Anakaa juu ya jiwe karibu na Mianzini, shuka la bluu, hereni za shanga mpaka mabegani, mbele yake ndizi mbivu kwenye gunia lililofumuliwa. Alinifundisha kusalimiwa: yeye anasema "Takwenya," mimi naitikia "Iko." Kila asubuhi, miaka tisa. Jumatano na Jumamosi hayupo, ni siku za soko Tengeru, anakwenda kuchukua mzigo. Nikipita siku hizo lile jiwe naliona limepoa.

Mwaka juzi mwezi wa tano mama yangu alifariki. Simu ilikuja usiku, alfajiri nikapanda basi la Singida bila kuaga mtu. Nilikaa wiki tatu. Niliporudi kazini, kitambaa cheusi kichwani, sikutaka kusema na yeyote. Baba wa kahawa hakuniuliza nataka nini. Alimimina, akaweka kashata nzima, akasogea pembeni kwenye benchi nikae, na mimi huwa sikai. Konda mmoja akashuka garini akaja kunishika mkono. Koko alikitazama kitambaa, akauliza, "Mama?" Nikasema ndiyo. Akachukua chane nzima, si ndizi mbili tatu, chane nzima, akaitia kwenye kikapu changu. Nilipotaka kutoa hela akaukunja mkono wangu.

Siku ya nne yake baba wa kahawa akanipa bahasha ya kaki. Watu wa benchi walikuwa wamechanga. Zilikuwa elfu kumi na mbili na mia tano, nyingine sarafu za mia mia. Juu ya bahasha hapakuwa na kitu, maana hakuna aliyelijua jina langu.

Wenzangu, huo ndio mji ninaoishi. Na nyie leteni yenu.

Mchangiaji wa Ngarenaro:

Dada nimesoma nikiwa kazini nikaficha uso. Pole kwa mama.

Mtu wa Pasua, Moshi:

Pole sana dada yangu. Ruhusu jirani aingie, maana mlima umeusifu wa kwenu tu.

Sisi wa Moshi mlima wetu, Kibo ya Kilimanjaro, hatuutazami tu wakati wowote. Una saa zake, kama mzee anayetoka barazani mara mbili kwa siku. Alfajiri kabla ya saa moja, kisha jioni jua likielekea kuzama, theluji inageuka rangi ya waridi kwa dakika chache tu. Katikati ya mchana wingu linauficha, na mgeni anaweza kukaa siku tatu akaondoka akiamini tunamdanganya kwamba kuna mlima wa mita 5,895 hapo juu. Kwa hiyo raha ya mwenyeji ni kujua saa. Mimi nafunga duka saa kumi na mbili kasoro robo, wateja wangu wameshazoea, wengine wanasimama na mimi.

Raha yangu nyingine ni mafagio. Mji wetu una sifa ya usafi tangu tukiwa watoto, na usafi huo una mikono. Kina mama wanafagia usiku bado haujaisha, ukiamka mapema unasikia fagio la njiti, shwaa, shwaa, mtaa mzima, na ndipo adhana na kengele zinafuata. Utotoni nilidhani fagio ndilo linaloiamsha misikiti na makanisa. Ukitupa ganda la ndizi Moshi, anayekukemea si askari, ni mtoto wa darasa la tatu.

Na treni. Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar iliporudi baada ya zaidi ya miaka 25, bibi yangu mzaa baba aliomba apelekwe stesheni. Hakuwa na safari. Alivaa kitenge kipya, akakaa kwenye benchi, ikaingia, akatazama watu wakishuka na magunia na watoto, akasema, "Haya, turudi." Njiani akanihadithia namna babu alivyokuwa akishusha kahawa ya chama cha msingi kuipeleka KNCU, umoja ule wa wakulima wetu wa tangu 1933, na jinsi filimbi ya treni ilivyokuwa ndiyo saa ya mji. Sikuwahi kuzisikia habari hizo. Ilibidi treni irudi ndipo azitoe.

Mleta uzi:

Ndugu yangu wa Pasua, asante. Hiyo ya bibi kuvaa kitenge kwenda kutazama treni nimeisoma mara tatu. Huku kwetu iliingia Oktoba 2020, na Unga Limited watu walisimama kwenye reli tangu asubuhi. Mimi nilikuwa kazini, niliisikia tu honi, ofisi nzima tukanyamaza.

Dereva wa boda, Sombetini:

Dada naheshimu uliyoandika, ila tusiwadanganye watu. Saa kumi na mbili na nusu mwezi wa saba bado hakujapambazuka vizuri. Mimi nimebeba wadada wanaolia, simu imekwapuliwa, pochi imekatwa. Kuna vichochoro kandokando ya mito hata mimi na pikipiki sipiti kabla jua halijatoka. Ukisifia kutembea, sema na hilo.

Mleta uzi:

Ni kweli na ulichosema nimekipokea. Mimi mwenyewe niliwahi kunyang'anywa simu mwaka wa pili wa kutembea, na tangu hapo nina utaratibu: barabara kubwa tu, simu ndani kabisa chini ya kikapu, na kukiwa na ukungu mzito namsubiri jirani yangu mwalimu tuongozane. Njia ya mkato ya korongoni naijua na sipiti. Dada zangu mnaosoma, msipite. Naongeza jambo moja. Siku nilipokwapuliwa, aliyemkimbiza kijana yule alikuwa muuza magazeti. Hakumpata. Alirudi anahema, amepoteza ndala moja, na magazeti yake aliyaacha chini bila mlinzi. Wale wasomaji wa vichwa vya habari ndio waliyalinda. Hakuna lililopotea.

Konda wa njia ya Usa:

Mmenigusa kazini kwangu. Mimi ni mmojawapo wa hizo sauti.

Watu wanadhani tunapiga kelele ovyo. Sauti ina mpangilio. Jina la mwisho lazima liwe refu ili abiria aliye mbali alisikie mkia wake: Kikatitiiii. La kwanza linakatwa. Ukiyapanga vibaya unachoka kabla ya saa nne. Niliyefundishwa naye alinipeleka nyuma ya stendi siku mbili nikapiga majina peke yangu kabla hajaniruhusu kugusa mlango.

Na sisi tuna watu wetu tusiowajua majina. Nina mama mmoja wa Tengeru, kila Jumamosi anapanda na ndoo ya maziwa mgando, siti yake ni ya nyuma ya dereva, maana ndoo haitikisiki pale. Akiwa hajafika namshikia siti hata kwa dakika tano, abiria wananung'unika, nawaambia kuna mgonjwa anakuja. Nina mwanafunzi nilianza kumbeba akiwa chekechea, nampakata kwenye mlango. Mwezi uliopita amenilipa nauli ya mtu mzima. Nilimrudishia akakataa. Akasema, "Kaka, nimemaliza shule." Nimelala na furaha kama ni wa kwangu.

Binti wa Tengeru:

Konda, huyo wa maziwa huenda ni shangazi yangu!

Nyie wa mjini njooni Tengeru Jumatano. Msije kununua tu, njooni msikilize bei. Nyanya kwa sado, ndizi kwa mkungu, parachichi kwa fungu, na kila fungu lina nyongeza yake, usipoomba nyongeza muuzaji mwenyewe anakuona umechoka. Ukimaliza teremka Ziwa Duluti. Ni ziwa la shimo la volkano, dogo, maji yametulia kabisa, msitu umelizunguka, na kelele za soko zinakatika ghafla kama mtu amefunga mlango. Mimi nikiwa na neno zito nalipeleka pale.

Na ng'ambo kidogo kuna makaburi ya Wapolandi. Wakati wa vita ya pili ya dunia waliletwa Tengeru wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto, na waliofia hapa wamezikwa hapahapa. Nikipita nang'oa magugu mawili matatu. Hakuna aliyenituma. Walikuja mbali sana, na ndizi zetu walikula.

Mtu wa Arusha niliyeko Dar:

Nina miaka sita Dar es Salaam, na uzi huu umenifanya nitafute sweta langu kwenye begi.

Jambo langu ni la meno. Sisi tuliokunywa maji ya miteremko ile tangu utoto, madini ya floraidi yanayotoka kwenye miamba ya volkano yametutia rangi ya kahawia kwenye meno. Shuleni huku Pwani nilikuwa nacheka na mkono mdomoni. Mwaka jana nikiwa Kariakoo napima kitambaa, muuzaji akacheka, nikaona meno kama yangu. Nikamuuliza, "Wewe ni wa wapi, Arusha au Meru?" Akaniuliza, "Umejuaje?" Nikacheka na mimi, mkono nikaushusha. Tulikaa dukani kwake mpaka jioni tunataja mitaa: Sanawari, Sekei, Ilboru, Levolosi, Moshono. Tunataja tu. Kitambaa alinipunguzia, lakini si hicho nilichotoka nacho pale.

Dada Mleta uzi, naomba kitu kimoja. Tuelezee Oktoba. Jakaranda zinachanua bado?

Mleta uzi:

Zinachanua ndugu yangu, ondoa wasiwasi. Ikifika Oktoba, jua limeshaanza kuwaka na mvua za vuli bado, mji mzima unageuka zambarau. Barabara zenye miti ya zamani, upande wa Boma na kuelekea kituo cha mikutano ya kimataifa, maua yanaanguka mpaka lami haionekani. Ukikanyaga yanapasuka kwa sauti ndogo, pap, pap. Wafagiaji wanayakusanya rundo na kesho yake yako tena. Kuna mama mmoja mfagiaji nilimkuta amesimama na fagio, hafagii. Nikamwamkia. Akasema, "Naacha kidogo, watoto wa shule wapite kwanza." Walipita, wakayarushiana, kisha akafagia.

Na kwa kuwa umeuliza Oktoba nikuletee na Novemba. Mvua ya kwanza ya vuli hunikuta jioni narudi, na hii ni raha ambayo mwenye gari haijui. Inaanza matone makubwa, vumbi linanuka, halafu sekunde hiyohiyo watu wote wa mtaani wanaingia chini ya baraza la duka lililo karibu. Hujachagua wenzako. Utasimama na fundi gereji mwenye grisi, mwanafunzi wa chuo, Mmaasai mwenye rungu, mama aliyebeba belo dogo la mitumba kutoka soko la Kilombero, mgeni wa Kinyarwanda au wa Kifaransa aliyekuja kwa kazi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Dakika tano za kwanza kimya. Kisha mmoja anasema, "Hii haikatiki leo." Na mwingine anabisha. Basi, baraza limekuwa baraza. Mara moja tulikaa saa nzima, muuza mahindi akahamishia jiko lake katikati yetu ili lisizimike, joto tukapata, mahindi akayamaliza. Mama wa mitumba alifungua mzigo wake akamfunika mtoto wa mtu sweta ambalo hajaliuza. Mvua ilipokatika tulitawanyika bila kuagana. Yule fundi gereji huwa nakutana naye. Tunanyosheana mkono.

Mwalimu mstaafu, Kijenge:

Mwanangu, mama yako alikulea vema. Nina swali moja, nalo naliuliza kwa upendo. Miaka tisa unaamkiana na Koko. Chane amekupa, machozi yako ameyaona. Hujamuuliza jina mpaka leo?

Mleta uzi:

Shikamoo mwalimu. Sijamuuliza. Nimekaa nalitafakari swali lako tangu jana usiku. Mwanzoni nilidhani ningekuwa namsumbua. Baadaye ikawa nimechelewa mno, nikaona kama ni kukiri kwamba miaka yote ile nilikuwa sijali. Leo ni Jumatatu. Kesho yupo, keshokutwa anakwenda Tengeru. Nitamuuliza kesho.

Mtu wa Pasua, Moshi:

Tunasubiri dada. Mimi naye nimekwenda kumuuliza mama anayefagia mbele ya duka langu.

Mleta uzi:

Nimerudi wakuu.

Leo ukungu ulikuwa umeshika, mlima umefunga, magari yanakuja na taa. Nilimkuta Koko amejifunika shuka mbili, na pembeni yake mjukuu wa kike, kama miaka sita, anahesabu ndizi kwa kidole. "Takwenya." "Iko." Nikachuchumaa badala ya kupita. Nikamwambia, Koko, naomba unisamehe, miaka yote hii sijakuuliza unaitwa nani.

Alinitazama kwanza. Kisha akaniambia, jina la kwake na la ukoo, taratibu, akingoja nilirudie mpaka nilipolipatia. Silileti humu, ni lake. Akaniuliza langu, nikamwambia. Akalisema mara mbili, akatikisa kichwa.

"Ni zuri," akasema. "Lakini sisi hapa tunakuita Mama Kikapu."

Sisi nani, nikauliza. Akaonyesha kwa kidevu barabara nzima ya kwenda mjini: konda, wa magazeti, wa kahawa, wote.

Kikapu hiki alikisuka mama Singida nilipokuwa nahamia huku, rangi nyekundu na nyeusi, nyasi alizikata mwenyewe. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Nilikitazama nikashindwa kusema. Mkono wake mmoja umeanza kuachia, mama angeushona kwa jioni moja. Koko akauona, akaupitisha kidole, akasema kuna mwanamke Ngaramtoni anayejua kushona vikapu vya nyasi. Nikiache kwake Ijumaa, Jumatatu nitakikuta.

Nikamuuliza, na Jumamosi je, atakuwa Tengeru, kitakaa na nani? Yule mjukuu akajibu kabla yake: "Na mimi."